Vidonge Ndani ya Mzinga

Kila jioni, kuku wakishaingia na mbuzi wakishafungiwa, Igoki alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine pale nyumbani angeweza kuifanya. Mama yake, Eunice, alipakua ugali wa mtama na ndengu kwenye sahani ya bati, akaifunika kwa sahani nyingine, na juu ya ile ya kufunikia akaweka kidonge kimoja cheupe. Igoki aliibeba kwa mikono miwili, taratibu, kidonge kisije kikabingirika, akavuka uwanja hadi nyumba ndogo ya shangazi yake. Huko alisimama mpaka shangazi amalize kumeza dawa, ndipo akarudi kula chakula chake.

Shangazi huyo walimwita Tata, kama Wambeere wengi wanavyowaita shangazi zao. Alikuwa dada ya Mugendi, baba yake Igoki. Katika ujana wake alikuwa fundi wa nguo mjini Kiritiri, na sare za watoto wengi zilipita mikononi mwake. Halafu akaanza kuugua. Akawa anasimamisha cherehani katikati ya mshono ili kuwajibu watu ambao hakuna mwingine aliyewasikia. Akasema majirani wanamsengenya kupitia ukutani, tena chakula chake kimetiwa kitu. Wakampeleka huku na huku, na kila walikokwenda wakaambiwa habari za laana. Mwishowe wakafika kwenye kliniki ya akili huko Embu, na daktari akawaambia ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unaitwa skizofrenia, na una dawa.

Sasa kwa nini ni Igoki aliyepeleka dawa? Kwa sababu hata wakati ule mbaya, Tata alipokataa chakula cha kila mtu, hakukataa kilichotoka mkononi mwa Igoki. Walikuwa na jina moja. Katika jamii yao, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, na wanaofuata hupewa majina ya shangazi zao. Dada wawili wa Igoki walikuwa wamechukua majina ya nyanya zao. Yeye, wa tatu, alichukua la Tata. Walikuwa wajina.

"Wajina hawezi kunitilia sumu," Tata alisema siku moja. "Atakuwa anajitilia mwenyewe."

Basi mtoto akishapewa jina, watu humtazama wakimtafuta yule wa kwanza ndani yake. Igoki akinuna, walisema ni Tata mtupu. Akiandika kwa mkono wa kushoto, kama Tata alivyokata vitambaa kwa mkono wa kushoto, walisema ni yeye mtupu. Alipokuwa mdogo aliyapenda maneno hayo. Alipofika gredi ya sita yakaanza kumchoma, kwa sababu alikuwa amewaona watoto wakimcheka Tata barabarani. Shuleni akaanza kusema kwamba anaitwa Cicily, jina lake la ubatizo, na aliyemwita Igoki hakuitikiwa.

Haikusaidia. Mutegi, mvulana wa darasa lao mwenye ulimi mwepesi, akambandika jina la Spea.

"Gari si huwa na spea?" aliwaeleza wenzake. "Tairi ya mbele ikiisha, huyu ndiye atafungwa."

Wote wakacheka. Igoki naye akacheka, huku masikio yakiwaka moto.

Mwaka huo mvua ilikuwa nzuri na ndengu zikakubali. Tata naye alikuwa na nafuu kuliko wakati wowote. Alipiga ndengu pamoja na wanawake wengine, akapepeta, akachambua mawe bila kuacha hata moja. Tena alikuwa ameomba cherehani yake itolewe vumbi na kutiwa mafuta. Siku moja kazini, Tata alipokuwa amekwenda kuchota maji ya kunywa, jirani yao Mama Nyamu alisimamisha ungo wake, akashusha sauti kama mtu aliyeumizwa na jambo.

"Ni vizuri amepona," alisema. "Lakini kitu kama hicho hakifi. Huhama. Na kitahamia kwa nani kama si kwa mwenye jina? Mnamwona yule mtoto? Hata mkono ni ule ule."

Wanawake wakaguna. Hakuna aliyebisha. Nyuma ya ghala, Igoki alikuwa amesimama na gunia tupu, na alilikumbatia gunia hilo mpaka likamwachia vumbi kifuani.

Aliyabeba maneno hayo peke yake. Angemwambiaje mama? Kuyasema tu ilikuwa ni kama kukubali kwamba ni kweli. Kisha mchana mmoja, alipokuwa akichota maji kwenye kisima cha mchanga mtoni, akasikia mtu akiita, "Igoki," mara moja, wazi kabisa. Aligeuka. Kulikuwa na mchanga mtupu na punda wa mtu akitafuna majani. Kimeanza kuhama, akajiambia.

Jioni ile alipofika katikati ya uwanja na sahani, alikichukua kidonge akakifumba kiganjani. Hesabu yake ilikuwa ya kitoto, lakini yeye aliiona imekaa sawa: Tata asipopona kabisa, kile kitu hakitakuwa na sababu ya kutafuta nyumba nyingine. Hakutaka Tata augue sana. Alitaka tu abaki pale pale alipo.

"Dawa iko wapi, wajina?" Tata aliuliza.

"Mama ameisaga akaitia ndani ya ndengu," Igoki akasema. "Amesema ni rahisi kumeza hivyo."

Tata aliitazama sahani. Akamtazama Igoki. Akala.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na mzinga wa gogo, mkuukuu, ambao nyuki walikuwa wameuhama zamani. Igoki alikisukuma kidonge ndani ya tundu lake. Kesho yake akasukuma kingine. Kopo la dawa liliendelea kupungua kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshuku kitu.

Wiki ya kwanza ilipita na Tata alikuwa yule yule. Igoki akapumua. Lakini katika ile iliyofuata Tata aliacha kulala vizuri. Akaanza kuinua vidole kama mtu anayemwambia mwingine anyamaze kidogo. Akaacha cherehani. Na siku moja akaigeuza sahani juu chini mlangoni, ndengu zikamwagika mavumbini, akasema kwamba Eunice anamsagia vitu ndani ya chakula, wajina mwenyewe amekiri.

Eunice alisimama pale uwanjani na mwiko mkononi. Hakuwa amesaga kitu chochote, na hakujua neno hilo limetoka wapi. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba ugonjwa umerudi. Igoki aliyekuwa akijua lilikotoka aliinama akaokota ndengu moja moja, ili watu wasiuone uso wake. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Aliuona wakati huo ukija, akauona ukipita.

Siku ya soko Tata aliondoka nyumbani bila viatu, futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Watoto walipotoka shuleni walimkuta Kiritiri, kati ya wauza mbuzi, akiwapima watu mabega na mikono. Aliwaambia wasimame wima, kuna watu wengi wanakuja na wote watahitaji sare. Wengine walimsukuma, wengine walisimama wima kwa mzaha, na kicheko kikaenea sokoni.

"Spea," Mutegi aliita, "nenda umsaidie kushika futi."

Tata alisikia, akageuka, akamwona Igoki. Uso wake ukafunguka. Akaja mbio, nyayo zikiwa zimechubuka, akasema, "Wajina, waambie. Wewe ulikuwepo. Waambie ile dawa ilitiwa ndani ya chakula."

Watoto wote walikuwa wakimtazama Igoki. Alihisi kwamba akifungua mdomo, kila kitu kitatoka pamoja.

"Simjui huyu mama," akasema.

Tata aliitoa futi shingoni, akaikunja polepole mpaka ikawa mviringo mdogo, akaitia mfukoni kama fundi anayefunga kazi. Halafu akaondoka kuelekea njia isiyo ya nyumbani. Mugendi alimpata jua likikaribia kuchwa, ameketi kwenye mchanga wa mto, midomo imekauka.

Jioni hiyo baba alisema amechoka. Alisema dawa za hospitali wamempa dada yake kila siku ya Mungu bila kukosa, na tazama, hazina maana. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mtu mmoja aliyesemekana kuwatibu watu wa namna hii. Eunice akamkumbusha kwamba mtu huyo huwafunga wagonjwa kwa kamba mpaka watulie. Baba akasema anajua. Akasema watampeleka kesho asubuhi.

Igoki alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliwaza juu ya kamba. Aliwaza juu ya mikono ya Tata, ule wa kushoto unaokata kitambaa, ikiwa imefungwa pamoja. Akainuka, akaenda nyuma ya jikoni, akarudi ameukumbatia ule mzinga, akaugonga sakafuni. Vikatoka vipande vya nta ya zamani, kisha vidonge. Vilibingirika hadi kwenye miguu ya baba yake.

"Dawa ina maana," alisema. "Ni mimi. Sikumpa."

Igoki alikuwa amejiandaa kwa fimbo, na pengine fimbo ingekuwa nafuu. Baba aliangalia vile vidonge kwa muda, halafu akamwangalia yeye, na Igoki akaona kwamba baba naye anaona aibu, kana kwamba wameshikwa wote wawili.

"Viokote," alisema hatimaye. "Vyote. Utaviweka kwenye kikombe, na wewe mwenyewe utampelekea daktari."

Basi asubuhi hawakuvuka mto. Walikwenda Embu. Igoki alikipakata kile kikombe njia nzima, kimefunikwa kwa kitambaa, na kila kilipolia alihisi watu wote wanajua kilichomo.

Daktari Felicitas alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alimpokea Tata kwanza, akaagiza alazwe ili aanze dawa akiwa chini ya uangalizi. Kisha akawaita Mugendi na Igoki. Alivitazama vidonge vyenye vumbi la nta, akauliza vimefikaje kwenye kikombe. Igoki akaeleza yote: habari za spea, maneno ya Mama Nyamu wakati wa kupepeta, ile sauti ya mtoni. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa, na mkono wake wa kushoto ameukalia.

Daktari hakumkemea. Aliuliza kama ana dada.

"Wawili," Igoki akasema. "Wana majina ya nyanya zetu."

"Na huyu shangazi ni wako peke yako, au ni wao pia?"

"Ni wetu sote."

"Basi damu yenu ni moja. Ugonjwa huu ukipita katika ukoo, hupitia kwenye damu, haupitii kwenye jina. Jina ni la kuitwa tu. Ungeitwa Gladwell, bado shangazi yako angekuwa yule yule, na wa dada zako pia."

Mugendi aliinua macho aliposikia hayo. Inaonekana hata yeye hakuwahi kuliwaza jambo hilo.

Daktari akawaeleza polepole, akirudia pale walipokunja uso. Ubongo una chembe nyingi sana, na chembe hizo hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo huitwa dopamini. Kwa mtu mwenye skizofrenia, dopamini hufanya kazi kupita kiasi katika sehemu fulani za ubongo. Kwa hiyo jambo dogo, kama mtu kukohoa njiani, huonekana kubwa na la kutisha, na mawazo yake mwenyewe humjia kama sauti ya mtu mwingine. Sauti hizo yeye huzisikia kweli, haigizi. Dawa huipunguza nguvu dopamini hiyo, na ikikatizwa ghafla, sauti zinaweza kurudi. Kuhusu chanzo, alisema hakuna kimoja tu. Kuna vitu vidogo vidogo vingi ambavyo mtu hurithi kwa wazazi, kuna matatizo ya wakati wa mimba au kuzaliwa, kuna mateso ya utotoni, kuna bangi. Hujumlishana. Hata mapacha waliofanana kabisa, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue maisha yake yote.

"Na mimi?" Igoki aliuliza. Lilikuwa ndilo swali pekee alilokuwa nalo tangu siku ya ndengu.

"Chukua watoto mia moja wenye shangazi kama wako," daktari akasema. "Wawili au watatu huenda wakaugua. Hao wengine wote watazeeka bila kuuona ugonjwa huu. Sitakudanganya kwamba hatari haipo kabisa. Lakini ni ndogo, na haihami. Shangazi yako akipona, hakuna kitu kinachomtoka kwenda kutafuta mtu."

Kuhusu sauti ya mtoni, alisema hata yeye amewahi kusikia akiitwa na asione mtu. Huwapata watu wengi, hasa wakiwa wamechoka au wana hofu. Ikiwa itarudi tena na tena, amwambie mama siku hiyo hiyo, asingoje. Na akae mbali na bangi na yale majani ya kutafuna ya muguka, kwa maana ubongo wa kijana bado unajengwa.

Igoki akaanza kulia. Akauliza kama ni yeye aliyemharibu Tata.

"Ugonjwa hukuuleta wewe," daktari akasema. "Kurudi kwake, hapo mkono wako upo. Hayo ni mambo mawili. La kwanza usilibebe hata kidogo. La pili libebe mpaka utakapomwomba msamaha."

Tata alikaa hospitali wiki kadhaa. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yametulia. Mama Nyamu alisimuliwa na Eunice maneno yote ya daktari. Siku ya pili alileta maziwa akayapeleka kwa Tata mwenyewe, akaketi naye kidogo. Baba naye aliacha kabisa kumtaja yule mtu wa kamba.

Lakini Igoki hakupeleka tena sahani. Tata alikuwa ameomba kopo la dawa likae kwake, juu ya meza ya cherehani, na chakula kililetwa na Eunice. Igoki hakuambiwa sababu, na hakuhitaji kuambiwa. Jioni alipita upande wa zizi ili asiuone mlango wa Tata.

Shuleni, Mutegi alimwuliza kama ile tairi ya mbele imezibwa.

"Ninaitwa Igoki," akasema. "Ni jina la shangazi yangu. Ni yeye aliyeshona sare ya kaka yako mkubwa."

"Na ilikuwa inambana," Mutegi akasema. Watoto wakacheka, na safari hii Igoki alicheka kwa kuwa neno lenyewe lilichekesha. Hakuitwa Spea tena siku ile.

Jioni hiyo hakupita upande wa zizi. Alimkuta Tata akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani, taa ndogo ya sola ikiwa karibu. Alisimama mlangoni muda mrefu. Alikuwa amepanga maneno njiani, yakampotea yote, akabaki na mawili tu.

"Nisamehe, Tata."

Tata hakuinua kichwa mpaka uzi ulipopita. "Siku ile sokoni nilikusikia," alisema. "Sauti zangu zilikuwa nyingi, lakini ya kwako niliijua ni ya kweli."

Igoki alitazama chini. Hakuna aibu aliyowahi kuiona iliyofanana na hiyo.

"Njoo hapa," Tata akasema. Aliigonga cherehani kwa kidole. "Hii nayo, uzi ukikazwa kupita kiasi, hushona ovyo. Utailaani? Utasema imerogwa? Unalegeza kidogo hapa, inashona. Kichwa changu ndivyo kilivyo, na hicho kidonge ndicho kinacholegeza. Nitakuwa nikilegeza kila siku, labda maisha yangu yote. Sioni aibu."

Akaendelea kwa sauti ya chini.

"Lakini zamani niliona. Nilipoanza kusikia wale watu, niliwaficha mwaka mzima nisije nikachekwa, na ugonjwa ukanenepa humo humo ndani ya kuficha. Nawe ulipoogopa, ukaficha. Hapo ndipo tumefanana, wajina, si kwenye ugonjwa. Kuogopa hakukuwa kosa. Jambo likikuogopesha, umwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo, hata kama ni la aibu. Ukilifungia ndani litaanza kukutuma, nawe utawaumiza watu unaowapenda."

"Ningekuambia wewe?" Igoki aliuliza.

"Mimi kwanza. Nani angekuelewa zaidi?"

Eunice aliingia na sahani, akawaona, akaiweka mezani na kutoka. Tata alilifungua kopo. Alitoa kidonge kimoja, akakishika kwenye mwanga.

"Fungua mkono," akasema.

Igoki akatoa wa kulia.

"Ule wetu."

Igoki akafungua mkono wa kushoto. Tata akakiweka kidonge katikati ya kiganja chake, akasubiri kidogo, wote wawili wakikitazama. Halafu akakichukua kutoka pale, akakimeza kwa maji, akaivuta sahani karibu na kuanza kula.